Mshika Mwanzi wa Kisiba: Obed Jotham Mwasomola, 1974–2025

Ndugu zetu mlioketi kwenye nyasi hizi za Kisiba, wazee wa kanisa, wanakwaya, na ninyi wageni mliotoka mbali mkiangalia saa: karibuni kwa marehemu. Familia imemwomba dada yake mkubwa, Agness, aandike maisha yake, na maandishi haya hayatasomwa mbiombio. Mwenye haraka tunamwonea huruma. Marehemu naye alikuwa nayo, na mtasikia ilimfikisha wapi.

Tulitaje mapema jambo ambalo wengi wenu mnalijua na mmelinyamazia kwa adabu. Mama mzazi wa marehemu, bibi Tupokigwe, kwa karibu miaka sita amekuwa na swali moja moyoni: siku mwanangu akifa, nani wa hapa atamchimbia kaburi? Swali hilo aliliombea kanisani na jikoni. Jibu lake liko mwishoni.

Obed alizaliwa hapa Kisiba tarehe 14 Machi 1974, mtoto wa pili wa mzee Jotham Mwasomola na bibi Tupokigwe. Alibatizwa mwaka huohuo katika kanisa la Moravian. Alikuwa mtoto mpole, na alikuwa mzito wa mwendo kuliko watoto wote wa kitongoji hiki. Siku moja alitumwa kwa jirani, mzee Amoni, kuomba kaa la moto, kaa likazimika njiani, kwa sababu alisimama kusikiliza kila aliyekuwa anaongea. Alirudishwa. Akaenda, akakaa kwa Amoni akila viazi, akasahau alichotumwa. Jioni mzee Amoni alimleta mgongoni, kaa mkono mmoja, akasema, "Jotham, chukua moto wako na mzigo wako. Huyu hata kufa atachelewa." Watu walicheka sana. Siku hizo kuchelewa hakukuwa ugonjwa.

Alisoma shule ya msingi hapahapa Kisiba kuanzia mwaka 1982 hadi 1988. Alifaulu, akaenda sekondari Tukuyu, akamaliza mwaka 1992. Baadaye alisomea kilimo Mbeya, akarudi na cheti na viatu vya mvua. Dada yake aliishia darasa la saba, na hakumwonea wivu. Alimwoshea hivyo viatu.

Mwaka 1997 aliajiriwa kuwa bwana shamba huko Isongole. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya kama mtu. Alitembea kwenye mashamba ya viazi, akainama, akashika jani, akauliza habari za watoto wa mwenye shamba kabla ya kuuliza habari za ukungu wa viazi. Kukiwa na msiba Isongole aliacha kazi, kama desturi yetu ilivyo. Kila mtu anajua kwamba mtu akifa hakuna jembe linaloingia shambani mpaka limeingia kwanza kaburini. Wazee wa Isongole walimpenda, na mmoja wao akampa binti. Obed na Hellen walifunga ndoa tarehe 6 Oktoba 2001. Bwana harusi alichelewa kanisani kwa sababu alikutana njiani na mama aliyebeba mkungu wa ndizi, akamsaidia mpaka nyumbani kwake. Bibi harusi alipomwona ana utomvu wa ndizi kwenye shati jeupe, alisema, "Sasa nimejua ninaolewa na nani." Mungu aliwajalia watoto watatu.

Mwaka 2013 alichukuliwa na kampuni moja ya kununua parachichi, akawa meneja wa ukusanyaji, ofisi ikiwa Tukuyu. Kampuni hiyo hatutaitaja jina. Watu wake wapo hapa wamevaa fulana zenye jina lake, anayetaka atasoma.

Kazi yake ilikuwa kuhakikisha matunda yanatoka mashambani na magari yanaondoka kwa wakati. Kazi halali. Lakini walimpa simu mbili, na tangu siku hiyo Obed hakuwa na mikono. Alikula amesimama. Mbalaga ya mama yake, ndizi zilizopikwa na maharage tangu asubuhi, aliimeza kama dawa. Kanisani simu ililia katikati ya maombi, akainama chini ya benchi akanong'ona, "Niko ibadani, ongea haraka." Mungu alisubiri, kwa kuwa Mungu hana haraka. Alilala na simu moja chini ya mto na nyingine kifuani. Ukimwambia jambo lolote, jibu lilikuwa, "Naja, dakika tano." Mama yake alishuka Tukuyu siku moja na kikapu cha maparachichi ya nyumbani na magimbi, akaketi kwenye benchi la nje ya ofisi akisubiri hizo dakika tano. Jua lilipoegemea Mbeya akaweka kikapu mlangoni akapanda gari la kurudi. Vijana wa hapa wakamwita mwanawe Dakika Tano, na yeye akadhani ni sifa.

Akaanza kuumwa kichwa. Usingizi ukakimbia. Kampuni ilipoona anachoka haikumpunguzia kazi. Ilimpeleka Mbeya mjini kwenye semina ya kutumia muda na kuondoa msongo wa mawazo. Mwalimu wa semina, kijana mwenye tai, alifika akiwa amechelewa mpaka watu wakaagiziwa chai mara ya pili. Hakuomba radhi. Akawafundisha wachore vyumba vinne kwenye karatasi, kila jambo la maisha yao liwekwe chumbani: la muhimu na la haraka, la muhimu lisilo la haraka, la haraka lisilo muhimu, na chumba cha nne, yale ya kutupa.

Obed alirudi na manila kubwa akaibandika sebuleni. Mkewe Hellen aliisoma akiwa ameshika ufagio. Chumba cha kwanza kilijaa magari na matunda. Chumba cha pili alimpanga Mungu, pamoja na mama, pamoja na matengenezo ya gari. Chumba cha nne aliandika: kukaa barazani, kulala mchana, misiba ya majirani.

"Baba Beatrice," Hellen akasema, "hii misiba umeiweka huku kwa bahati mbaya?"

"Hapana. Nimepiga hesabu ya muda inayokula. Nitakuwa natuma mchango kwa simu. Ni uleule."

"Uleule na nini?"

"Mke wangu, unanipotezea muda."

Mtu aliyezaliwa Rungwe, akanyonya Rungwe, akala maharage ya matanga ya Rungwe tangu hajaota meno, ndiye aliyeandika hivyo kwa mkono wake. Kijana mwenye tai tunamsamehe, hakutujua. Obed alitujua.

Mwezi Februari 2018 mzee Amoni alifariki, yuleyule aliyembeba mgongoni. Mama alipiga simu mwenyewe.

"Mama, niko kwenye kikao."

"Amoni ametutoka."

"Amoni yupi?"

"Waliokubeba mgongoni wako wangapi?"

"Poleni sana, mama. Natuma hela sasa hivi."

"Ya nini?"

"Ya msiba. Wanunue sukari."

"Sukari ipo. Njoo na jembe."

"Kesho napakia magari, mama. Nitapita Jumapili."

"Jumapili atakuwa ameshazikwa."

"Basi nitapita kuliona kaburi."

Hela ilifika kabla mama hajaweka simu chini. Mjane wa Amoni alipoambiwa, alirudi ndani. Lakini pale shimoni yuko mzee Lusungu, ambaye kwa miaka mingi ndiye anayewaongoza wachimbaji wetu. Mdomo wake mnaujua. Aliiomba simu iliyopokea hela, akailaza juu ya udongo katikati ya majembe, akaiambia, "Haya, meneja, zamu yako. Shuka." Wachimbaji wakasubiri. Simu haikushuka. Watu walicheka msibani mpaka wakashika mbavu, na mama wa Obed alikuwepo, amekaa na wanawake wenzake, akavuta khanga usoni.

Mzee Jotham, baba yake, alifariki tarehe 21 Agosti 2019. Obed alikuja na gari la ofisi. Alikuja pia na ratiba aliyoichapisha mwenyewe: saa sita mazishi, saa saba chakula, saa nane kutawanyika. Akaigawa kwa wazee. Mzee mmoja aliifanya kipepeo cha kupepea moto, nayo hapo ikafaa.

Kijiji kizima kilikuja na majembe. Ndipo Obed akavua koti, akakunja mikono ya shati, akashika mpini. Lusungu akamshika mkono, taratibu, akamnyang'anya jembe.

"Utachelewa, meneja."

"Huyu ni baba yangu!"

"Ndiyo. Na sisi tunamchimbia Jotham. Jotham hakukosa shimo la mtu hata mara moja. Wewe kaa pembeni usichafue shati."

"Lusungu, usinifanyie hivyo mbele za watu."

"Mbele za watu? Kumbe unawaona leo." Akatema mate pembeni, akamalizia, "Siku yako tutakutumia mchango kwa simu. Ni uleule."

Basi huko ndiko swali la mama lilikozaliwa. Baada ya matanga alikwenda kwa Lusungu na kuku. Alimwomba amsamehe mwanawe. Lusungu alikataa kuku, akamkaribisha kiti, akamwambia, "Mama, mimi sina neno naye. Lakini jembe halibebwi na mtu mmoja, na wale wengine wanakumbuka." Mama akarudi na kuku wake.

Mtu mwingine angejifunza. Obed alirudi ofisini siku ya tatu, kwa sababu kampuni ilimpigia simu ikimpa pole na kumuuliza yuko wapi. Daktari alimpima presha akashtuka, akamwambia apumzike. Obed akauliza, "Kwa muda gani? Niiweke kwenye ratiba." Daktari alimtazama kama unavyomtazama mtu anayeuliza bei ya pumzi.

Tarehe 7 Aprili 2022, msimu ukiwa umepamba moto, alianguka ofisini akiwa anaongea na simu zote mbili. Kiharusi. Mkono wa kushoto ukafa, na mguu ukawa wa kukokota, na maneno yakaanza kutoka moja moja kama maji ya bomba la kiangazi. Akiwa bado wodini ilifika meseji kutoka kwa mkubwa wake. Hellen ndiye aliyeisoma: wanampa pole, wanamwombea, na tafadhali akabidhi simu za ofisi kwa kijana atakayetumwa. Kijana alikuja upesi. Katika mambo yote ambayo kampuni hiyo ilimfanyia Obed, hilo pekee halikuchelewa. Miaka tisa alikimbia kwa ajili yao, na nafasi yake ilijazwa kabla shuka lake halijabadilishwa. Alikuwa akisema wasingeweza kufanya chochote bila yeye. Waliweza.

Walirudi Kisiba, yeye na mkewe, kwenye nyumba ya baba yake. Asisimame mtu hapa leo akasema ugonjwa ulimfundisha Obed. Ugonjwa haufundishi kitu. Ulimnyang'anya simu tu, akabaki na masikio. Mwanzoni alikuwa akishtuka na kupapasa mfukoni, hata akilia mbuzi. Mama yake alimwekea kiti jikoni karibu na moto. Akawa anakaa. Hellen alimtuma kwa jirani kuomba chumvi, akarudi jioni, amesahau chumvi, ana habari za watu wote. Hellen aliketi kizingitini akacheka huku anafuta machozi.

Kisha kukawa na msiba kitongojini. Obed akasimama, akachukua fimbo.

"Unakwenda wapi?" mama yake akauliza.

"Shimoni," alisema. Neno lilimchukua muda.

Alifika akikokota mguu. Vijana wakamwona. "Jamani, leo kikao kimeahirishwa?" "Mpisheni, ana dakika tano!" Hata angetaka kuwajibu, ulimi usingemtii. Aliketi kwenye udongo uliotolewa shimoni, akakaa mpaka kaburi limefukiwa na mtu wa mwisho ameondoka. Hakupewa kazi. Msiba wa pili alikuja, wakamkejeli tena kidogo. Wa tatu mvua ilinyesha, ile ya kwetu isiyoomba ruhusa, na wengine wakakimbilia chini ya migomba. Obed alibaki ameketi kwenye udongo, analowa, anashikilia udongo usirudi shimoni kwa mguu wake ulio hai.

Lusungu akatoka shimoni, akamtazama muda mrefu. Wachimbaji wetu wana mwanzi wa kipimo, mrefu, wenye alama za urefu na upana, wanaouteremsha shimoni ili jeneza lisije likakwama mbele ya wafiwa. Anayeushika hachimbi. Anasimama tu ukingoni tangu mwanzo mpaka mwisho, hawezi kuondoka, kwa sababu wakati wowote watauhitaji. Vijana hawaipendi kazi hiyo, wanasema inachosha kwa kusubiri. Lusungu akamtia ule mwanzi kwenye mkono wa kulia.

"Huu haupigiwi simu," alimwambia. "Ukiuacha, nakufukia na wewe."

Tangu siku hiyo Obed hakuuacha. Kwa zaidi ya miaka miwili hakuna kaburi la Kisiba lililochimbwa bila yeye kusimama ukingoni. Mwanzi wenyewe ulihamia kwake, ukakaa nyuma ya mlango wa chumba chake. Hakuna aliyemwambia amesamehewa. Sisi hatuna maneno hayo mengi. Mama naye hakuthubutu kuuliza.

Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, jikoni, kwenye kiti chake. Mama yake alikuwa anamenya ndizi. Akamwambia, "Obed, sogeza miguu nipite." Hakusogeza. Kiharusi cha pili kilikuja kimyakimya, tofauti na kila kitu kilichowahi kumwita.

Jumatano watu walijaa, wakalia, wakatoa pole. Mama alipokea pole zote kwa mkono mmoja huku macho yakiwa njiani. Alikuwa anatazama nani amekuja na nini begani. Siku hiyo hakuna aliyekuja na jembe. Kampuni ilimpigia Hellen kumpa pole. Ikaomba iwekwe ya kwanza kuzungumza siku ya mazishi, maana wana magari ya kupakia. Hellen alimpa simu wifi yake, Agness, naye akajibu kwa upole kwamba watazungumza baada ya kaburi kufukiwa. Wasipoweza, watume kwa simu.

Jana Alhamisi asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka mpaka chini, migomba haionekani. Mama alitoka akasimama uani na kitenge chake mabegani. Hakuona mtu. Akasikia jembe. Moja, halafu lingine, halafu mengi, hapa hapa tulipo sasa. Akasimama palepale, mkono mdomoni.

Lusungu alitoka kwenye ukungu, udongo mpaka magotini, akaja mpaka mlangoni.

"Umeamkaje, mama?"

"Salama, baba. Mmekuja?"

"Tumekuja lakini tumekwama. Mwanzi wa Obed uko wapi? Hatuwezi kuendelea bila kipimo."

Mama aliuleta mwenyewe kutoka nyuma ya mlango. Kijana mmoja wa shimoni, mjukuu wa Amoni, akapaza sauti kwenye ukungu, "Nani ataushika? Meneja hayupo!"

"Funga mdomo," Lusungu akamjibu. "Hajawahi kuwa meneja wetu. Alikuwa mshika mwanzi." Kisha akamgeukia mama, na sauti ikamshuka. "Hata safari hii amewahi kuliko sisi wote, huyu mzito."

"Ndaga," mama alisema. Asante. Akarudi ndani, na jana, baada ya karibu miaka sita, alilala.

Marehemu ameacha mama mzazi, bibi Tupokigwe, mjane, Hellen, watoto watatu, Beatrice, Andongwisye na Atupele, dada yake Agness na wadogo zake wawili, wajukuu wawili, na majirani wa Kisiba, ambao tunawaandika hapa pamoja na ndugu, kwa sababu wamestahili. Simu zake mbili zilikwisha kurudishwa. Ile manila ya vyumba vinne Hellen aliwashia moto wa kuivisha maharage mtakayokula leo.

Kampuni imeleta shada la maua ya plastiki. Tunashukuru. Litawekwa. Mnaotaka kuwahi, njia ni ileile mliyojia, na hakuna atakayewashika.

Wengine tukae. Mwanzi uko ukingoni, umeshikwa na mjukuu wa Amoni, na hataondoka mpaka mwisho. Obed, pumzika sasa. Hakuna anayekupigia. Ulale, na asikuamshe mtu ila Bwana.